Kumgawa Hamdani

Jana usiku niliota nimeitwa mbele ya kamati inayogawa fedha za utafiti kwa wanasayansi wanaoanza kazi. Mwenyekiti ni birika la chai. Nikaliamkia shikamoo, maana mwenye shida hachagui wa kumwamkia.

Kulia kwake limekaa Jina la Profesa Lugongo, jina tupu, limevaa tai. Mwenyewe hakuja. Huwa haji. Jina lake ndilo hutangulia kwenye kazi zetu zote, na sisi tuliozifanya tunafuata nyuma tumelibebea mkoba.

"Unataka kutafiti nini, binti?" likauliza Birika.

"Nataka wagonjwa wa unga wa kulevya wapate methadoni ya kuwasaidia kuuacha na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwenye dirisha moja, tuone kama watadumu kwenye tiba. Sasa hivi methadoni iko chini, dawa za virusi ziko ghorofa ya tatu, na kila dirisha lina foleni yake. Huyu Hamdani ameshaanza kuchoka. Akiziacha atakufa."

Hamdani, mgonjwa wangu, yuko pale kweli, kakalia ndoo. "Shikamooni," akasema. Hakuna aliyemwitikia.

"Lete kwanza matokeo," likasema Jina.

"Matokeo ya utafiti ambao sijaufanya?"

"Hayo hayo. Hatuwapi fedha watu wanaobahatisha."

Birika likajimiminia chai, likainywa lenyewe. Hiyo ilikuwa nusu ya bajeti. Kisha wakapiga picha ya pamoja, mimi nikaambiwa nishike kamera.

"Halafu kuna kasoro," likaendelea Birika. "Tuna fungu la virusi na tuna fungu la dawa za kulevya. Mtu wako ana vyote viwili. Tumweke wapi?"

"Ni mtu mmoja."

"Basi agawanywe."

Mara ukumbi ni bucha. Birika limevaa aproni, Jina linanoa kisu kwenye tai yake. Hasira inanipanda hadi masikio yanawaka. Nawaambia hawana akili wala haya, na kwamba hata bucha la kweli lingeshawafukuza kazi. Wananishukuru kwa mchango mzuri.

Hamdani ananigusa bega.

"Usigombane nao, dokta. Mimi nimeshazoea. Nusu itapanda, nusu itabaki chini."

"Mtakutana wapi?"

"Tutaona wakishafunga madirisha."

Akagawanyika bila kutoka damu, taratibu, kama anayempisha mtu njiani. Nusu moja ikaanza kupanda ngazi kwa kurukaruka. Nikapiga kelele, nikaamka.

Asubuhi nikawahi kliniki. Hamdani hakuwepo kwenye foleni. Nikapanda hadi ghorofa ya tatu, nikamkuta nesi Tekla ameshika ndala moja, ya kushoto.

"Dokta, unaijua ni ya nani? Ya kulia wameikuta chini, kwenye dirisha la methadoni."

"Na Hamdani yuko wapi?"

"Huku tunajua yuko chini," akasema Tekla. "Chini wanasema yuko huku."