Mkoba wa Mkunga

Mama mkwe wangu ni mkunga, na kwa miaka tisa hajawahi kuniita fundi. Mimi kwake ni "mumeo", hata nikiwa nimekaa mbele yake na kikombe mkononi. "Mwambie mumeo chai inapoa," humwambia binti yake. Kwa hiyo siku mkoba wake wa kazi ulipochanika kabisa, akasema kupitia kwa mke wangu kwamba labda mumeo angemshonea mwingine, nilijua zamu yangu imefika. Nilitaka neno moja tu kutoka kinywani mwake, na nilikuwa tayari kulitolea jasho.

Alitoa masharti yake. Mkoba usimame wenyewe sakafuni, maana kazini mikono yake haina nafasi ya kushikilia mikoba. Mishono yote iwe ndani, isikusanye uchafu. Na mdomo uwe mwembamba, mvua isipate njia.

Mke wangu, ambaye ndiye hukata ngozi karakanani, alinieleza ukweli palepale. Mkoba wa mishono ya ndani hushonwa ukiwa umepinduliwa, kisha hugeuzwa wote kupitia mdomoni kama soksi. Ngozi laini ya mbuzi hugeuka bila ubishi, ila haisimami. Ngozi nene ya ng'ombe husimama, ila kugeuka haitaki.

"Mwambie mama achague moja," alisema.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi nimwambie mama mkwe kwamba haiwezekani, halafu aende akaseme alijua tu? Bora nimeze msharasi wa kutobolea ngozi na mpini wake.

Kwa muuza ngozi niliipita ya mbuzi bila hata kuigusa. Nikaipita ya tumbo la ng'ombe, ambayo hulegea baada ya muda, nikasimama kwenye ya mgongo, ile ngumu. Muuza ngozi alijaribu kuikunja kwa goti, akaniuliza kama natengeneza mkoba au mlango. Nikamwambia aifunge, sikuja kuhojiwa.

Nilishona siku mbili. Matundu nilitoboa kwa msharasi, uzi nikaupaka nta, sindano mbili zikapishana katika kila tundu. Mishono ilikaa vizuri mno, nikasikitika kwamba hakuna atakayeiona. Siku ya tatu nikaanza kugeuza. Kona ya kwanza ilikataa, ya pili ikaiunga mkono. Niliulowesha, nikaukanda, nikaukalia. Mwishowe niliingiza mkono hadi kiwikoni, nikashika kitako cha mkoba, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na mkono ukakwama humohumo.

Mama mkwe alinikuta hivyo. Alikuwa amekuja kuchukua mkoba wake.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye aliweka mwavuli chini, akauangalia mkono wangu, kisha akaupapasa mkoba pande zote huku amefumba macho.

"Mkoba umetanguliza makalio," alimwambia mke wangu. "Na mumeo anavuta tu. Lete maji ya moto na mafuta. Yeye atoke nje."

Akaunasua mkono wangu kwa mizunguko miwili, nami nikatolewa kwenye karakana yangu mwenyewe. Fundi saa wa mlango wa pili aliniuliza kulikoni. Nikamjibu kwamba nasubiri. Alivyoona ninavyokwenda na kurudi, akaniletea kiti, akakaa naye kusubiri bila kujua anasubiri nini. Kutoka ndani tulisikia sauti ya mama mkwe, ya upole kabisa. "Usilazimishe. Bado. Pumzika kidogo. Haya, sasa."

Mke wangu akatoka na mikono inayong'aa mafuta. "Umetoka," alisema. "Mzima."

Nikaingia. Mkoba ulikuwa umesimama wenyewe mezani, mishono yote ndani, na kovu dogo kwenye kona moja. Mama mkwe alikuwa akinawa.

"Mwambie mumeo hakuna mshono hata mmoja ulioachia," alisema. Akabeba mkoba wake akaenda zake. Nilikaa na hilo mumeo siku nzima.

Wiki mbili baadaye aliingia mteja, mwanamke mjamzito, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi. Nikamuuliza nani kamwelekeza.

"Mkunga wangu. Niliusifia mkoba wake, akasema umeshonwa na mkwe wake, fundi hasa." Akasita kidogo. "Ila amesema wewe ulishona tu. Aliyeuzalisha ni yeye."

Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi la ngozi. Nilimwomba arudie pale penye fundi, akarudia. Kisha nikamuuliza anataka mkoba wa namna gani. Akasema usimame wenyewe, na mishono yote iwe ndani.

"Chagua moja," nilimwambia, nikamtandikia ngozi ya mbuzi.