Mpaka Mwisho wa Reli

Daftari lilikaa chini ya mto wa Anastazia tangu siku walipomzika mwanawe, na hakuwa na nia ya kumpa mtu.

"Shikamoo, mama." Lupakisyo alivua kofia mlangoni. Alikuwa amekuja Kilosa kwa basi kutoka Mikumi, ambako yeye na marehemu Bonifas, mwana wa Anastazia, walijiandaa pamoja kwa usaili wa kuongoza watalii wa Kifaransa, hadi pikipiki ilipomuua Bonifas.

"Marahaba. Najua ulichofuata."

"Usaili ni Jumatatu, mama. Maneno yote ya Kifaransa aliandika yeye. Mimi nilikuwa namtegemea tu."

"Alinieleza. Alisema wewe kazi yako kupika chai."

Lupakisyo alicheka kidogo.

"Sikupi, baba. Mwandiko wake sina mwingine."

Hakubisha. Aliinuka kuaga, na kule kutobisha ndiko kulikomlegeza Anastazia. "Kaa. Halitoki humu ndani, ila nitakushikia." Akalitoa daftari chini ya mto, akamsogezea ungo wa mahindi. Ndivyo walivyofanya na Bonifas kila likizo: kijana anapukuchua, mama anauliza.

Bonifas alikuwa amekata kila neno vipande, kama linavyotamkwa, na kupigia mstari kipande cha mwisho, maana huko ndiko Wafaransa wanakoweka mkazo. Ulimi wa Anastazia haukukubali kamwe. Ulikazia kipande cha kabla ya mwisho, kama tusemavyo Kiswahili, na Bonifas alikuwa akiangua kicheko: "Umeshuka kituo cha nyuma, mama! Twende mpaka mwisho wa reli."

"Kiboko," aliuliza sasa.

"I-po-PO-tam."

"Umeshuka kituo cha nyuma," alisema Anastazia kabla hajajijua. "Twende mpaka mwisho wa reli. I-po-po-TAM."

Ulimi wake mwenyewe ulikuwa umefika. Lupakisyo aliacha kupukuchua, akatazama chini. Anastazia alijifuta macho kwa pembe ya khanga. Miaka miwili alimchekesha mwanawe kwa neno hilo, na leo aliyestahili kulisikia hayupo.

Akafunua ukurasa. Juu Bonifas aliandika: *re*, kipande cha mbele, maana yake tena. Chini yake: *ve-nir*, kuja. Kisha akaviunganisha.

Neno lile zima Anastazia hakulisoma. Alilipitishia kidole polepole, mpaka mwisho wa mstari, akafunua ukurasa mwingine.

"Haya, baba. Tembo."