Fomu Iliyosomwa kwa Sauti

Watu walimwita Opereta, maana kwa miaka ishirini na miwili aliunganisha simu za hospitali kwa vidole na masikio tu; macho yalimzimika utotoni. Sheria ilimpa msamaha wa kodi, ila cheti chake hudumu miaka mitano. Kikiisha, sharti aende kuthibitisha kwamba bado haoni.

"Kwani wanadhani macho nimeyaficha wapi?" alimwambia binti yake asubuhi hiyo.

Binti hakucheka. Alimfikisha ofisi ya kodi, akamkalisha kwenye benchi la dawati la msaada, akakimbilia kazini.

Opereta akakaa hadi miguu ikafa ganzi. Zamu yake ilipofika, afisa, mwanamke mwenye sauti ya mafua, alimsomea fomu kama mtu anayenadi shati kuukuu.

"Ulemavu?"

"Sioni, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu surua. Nilikuwa na miaka minne."

"Mke yupo?"

Foleni nzima ikanyamaza. Aliyekuwa akitafuna karanga nyuma yake naye akaacha. Miaka yote fomu za kodi alijaziwa na mkewe, mezani kwao, huku wakitaniana.

"Shusha sauti kidogo," Opereta alisema. "Mimi ni kipofu, si kiziwi. Na hawa wenzangu wana yao ya kuwaza."

Kiti kikasogezwa, mkono ukamshika kiwiko.

"Nisamehe, baba. Twende huku ndani."

Chumba kilinuka vumbi na makaratasi. Afisa akaanza upya, polepole, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mke?"

"Andika amefariki. Miezi minne sasa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtamkia hayo mtu asiyemjua. Yalimchosha kuliko benchi.

"Pole sana, baba." Kalamu ikakwaruza. Afisa akaweka rula chini ya mstari wa sahihi, akamwongoza kidole hadi ukingoni. Opereta akasaini.

"Msamaha umepitishwa. Tuonane baada ya miaka mitano."

"Nikianza kuona kabla ya hapo, nitawapa taarifa."

Afisa alicheka hadi akakohoa. Opereta naye akatabasamu, kisha akaomba abaki pale kidogo. Binti angechelewa, na nyumbani siku hizi kulikuwa kimya mno.

"Kaa tu, baba," afisa alisema, akaurudisha mlango taratibu na kurudi kwenye foleni yake.