Mteremko wa Wakwe

Ukoo wa akina Zylstra una mambo yake. Hakuna mwanamume anayeoa binti yao kabla hajateremka tuta lile kubwa la mchanga mpaka Ziwa Michigan, akaokota jiwe majini na kupanda nalo hadi juu. Kuteremka si kazi, mchanga wenyewe unakubeba. Kupanda ndiko kunakomtoa mtu ulimi, maana kila hatua unayopiga, mchanga unakurudisha nyuma. Wahifadhi wa eneo hilo wamesimamisha ubao pale ukingoni wenye maandishi mekundu ya kuwaonya wageni wasiteremke. Akina Zylstra huutumia kutundikia kofia.

Gerda aliketi kando ya ubao huo akimtazama mchumba wake, Emmett, akizidi kuwa mdogo kule chini. Ilikuwa alasiri ya Agosti na upepo ulikuwa umekatika kabisa. Ziwa lilitulia mno. Hata ndege wa majini waliokuwa wakipiga kelele asubuhi walikuwa wamekwenda zao, na Gerda hakuupenda ukimya ule.

Pale juu yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba moyo wa Emmett ni mbovu. Mwezi Machi alianguka jikoni, na daktari akamkataza hata ngazi za shule anayofundisha. Emmett alimwapisha Gerda asimwambie mtu. "Kaka yako tayari ananiita mtu wa tambarare," alisema. "Wakijua hili, nitakuwa mgonjwa wao maisha yangu yote." Asubuhi ile, wakiwa garini, aliahidi kwamba ataishia katikati na kujifanya ameteguka mguu. Mwongo mkubwa! Sasa alikuwa amesimama majini, ameinua jiwe juu ya kichwa ili wote walione. Wanaume wengine wako radhi kufa na tai shingoni.

"Shemeji kafika!" alipiga kelele Derk, kaka yake Gerda, mdomo umejaa samaki wa moshi. "Sasa ndiyo tutajua kama tumepata mwanamume au mkate wa maziwa!"

"Haya, bibi harusi, anza kulia!" alisema Shangazi Corrie, akikata pai ya cheri. "Usituangushe."

Hiyo nayo ni desturi. Mwanamume anapopanda, mchumba wake huko juu humwombea asamehewe, akimzulia kila maradhi, na jamaa humkatalia huku wakicheka. Anayetia chumvi zaidi ndiye anayesifiwa. Ilse, dada yake Gerda, alilia machozi kabisa kwamba mchumba wake Wessel, sasa mumewe, ana ini moja tu, na wakacheka wee mpaka mtu akauliza, kwani yeye Ilse anayo mangapi? Mpaka leo, kila Krismasi, hadithi hiyo haikosi.

Chini, Emmett alianza kupanda. Alipanda vizuri kwa kitambo, kisha akasimama. Akapanda tena, akasimama. Mara ya tatu alishika kifua, akapiga magoti, na mchanga uliokuwa juu yake ukaanza kuporomoka polepole ukimzunguka mapajani.

Gerda akainuka ghafla. Alimgeukia baba yake, Mzee Harm, aliyekuwa amejilaza na kofia usoni.

"Baba, Emmett ana ugonjwa wa moyo."

Kicheko kilipasuka. "Moyo!" alisema Wessel. "Huyu kaanzia juu kabisa! Mimi walinipa ini."

"Sitanii. Alianguka Machi. Daktari alisema akipanda mlima anakufa."

"Na daktari naye yumo!" Shangazi Corrie alipiga makofi. "Endelea, mwanangu, endelea!"

"Naapa kwa Mungu, Baba!"

Mzee Harm aliinua kofia kidogo. "Hapana, Gerda," alisema kwa upole. "Cheza utakavyo, lakini Mungu usimtaje kwenye mchezo."

Gerda alimkamata Derk shati akamtikisa, akimpigia kelele usoni, machozi yanamtoka, na Derk akafuta macho yake mwenyewe kwa kucheka. "Dada, umeshinda. Ilse, leo umepata kiboko yako!" Gerda aliwachukia wote, mmoja mmoja kwa jina lake, na akajichukia yeye zaidi kwa kunyamaza tangu Machi. Alitoa simu. Haikuwa na mtandao. Hapo ukingoni haukuwahi kuwepo.

Akajitupa mteremkoni.

Alisikia nyuma yake shangwe kubwa, maana hakuna mchumba aliyewahi kufanya hivyo. Alikimbia, akaanguka, akabiringika, mchanga ukamjaa mdomoni. Alipomfikia Emmett alimkuta amelaza shavu chini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na jasho lake lilikuwa baridi, kwenye jua kali namna ile. Mchanga ulikuwa umemfikia kiunoni. Gerda alianza kuufukua kwa mikono, nao ukawa unarudi palepale.

"Usiwaambie," alisema Emmett.

"Nimeshawaambia."

Alifumba macho. Kwa muda alikuwa anatafuta pumzi tu. Kisha uso wake ukalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na Gerda akaona kwamba siku zote hizi alikuwa anatamani wajue.

"Wamesemaje?"

Gerda akatazama juu. Kule ukingoni walikuwa wameketi wote kwa mstari, miguu inaning'inia. Shangazi Corrie alikuwa akipitisha sahani. Mmoja wao, huenda Wessel, aliweka mikono mdomoni akapiga kelele, na sauti ikafika chini ikiwa nyembamba, lakini maneno yalisikika: "Sasa mzulie na figo!"

"Wanakuja," Gerda alimwambia, akamshika mkono. "Wako njiani wote."