Kibonyezo cha Kidole Kidogo

Jumamosi alasiri, kabla ya mazoezi ya bendi ya parokia, Médiatrice alikaa kwenye ngazi ya kanisa akiloweka ulimi wa zumari lake katika kikombe cha bati. Ulimi huo, kile kipande cha tete kinacholia mtu akipuliza, aliuchonga mwenyewe kwa matete ya mtoni, maana zile ndimi zilizokuja kutoka Ubelgiji ndani ya kisanduku cha msaada zilishapasuka zote. Ulikuwa mwaka 1996. Ulimi ukalainika, akaufuta kwa kanga, akaupachika.

Lilikuwa zumari la Kizungu, jeusi, lenye vibonyezo vingi kuliko vidole vya binadamu. Mwalimu Didace, kiongozi wa bendi, aliamini kwamba baadhi yake ni mapambo. Hasa kimoja, chembamba, upande wa kushoto, cha kubonyezwa kwa kidole kidogo. Kilikuwa kimekwama kwa kutu tangu kisanduku kifunguliwe.

"Hicho cha ziada," alizoea kusema. "Kinatoa Fa, na Fa tunayo tayari upande wa kulia. Mtu mwenye akili zake anataka Fa ya pili ya nini?"

Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Fa ya kulia hubonyezwa kwa kidole cha pete, na kidole hichohicho ndicho kinachoziba tundu la Re. Mtu akitoka Re kwenda Fa, kidole kimoja kinatakiwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Akikitelezesha, sauti inakwaruza. Akiamua kuiba, ainue kidole cha kati, anapata Fa yenye mafua. Médiatrice alikuwa amepiga Fa yenye mafua miaka mitatu, na ilikuwa ikimkera kweli, kwa sababu wimbo alioupenda mumewe Libérat, ule wa kuvuna ulezi, ni Re na Fa, Re na Fa mpaka mwisho.

Siku hiyo alidondoshea ile kutu mafuta ya mawese. Kibonyezo kikalegea. Mazoezi yalipoanza akapiga Re, kisha akakandamiza kidole kidogo cha kushoto, na Fa ikatoka imepenga kamasi. Wakati uleule, kwenye njia ya kutokea katika makazi ya wakimbizi, kizuizi kikapanda.

Kizuizi hicho kilikuwa gogo la mninga lililofungwa jiwe nchani la kulilaza chini, na kilionekana vizuri kutoka mlangoni mwa kanisa. Mlinzi wake, Yunus, mtu wa Karema kule ziwani, alikishusha. Kikapanda tena. Akaja kanisani kwa miguu, bila haraka.

"Nyie, nani anapiga ile sauti ya katikati?" aliuliza. "Inanipandishia gogo."

Wakajaribu. Kwa Fa yenye mafua gogo lilitikisika tu. Kwa Fa ya kuteleza lilinyanyuka kidogo likaanguka. Kwa Fa ya kidole kidogo lilipanda hadi juu, likabaki huko mpaka Médiatrice alipotoa zumari mdomoni.

"Basi ni hicho," alisema Yunus, akarudi kazini kwake.

Watu waliokuwa kizuizini na vikapu vyao waliitazama njia iliyo wazi na hakuna aliyepita. Kutoka makazini kulihitaji kibali, na gogo kupanda si kibali. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972 walipewa jembe siku ya kwanza, wakafyeka pori, mahindi yao yakalisha mji wa Mpanda, na hadi leo ugeni wao haujaisha.

Kwenye benchi kando ya kizuizi alikaa Libérat. Alikuwa amekufa masika iliyopita, kwenye benchi hilohilo. Tumbo lilimvimba, wenzake wakamleta kwa baiskeli hadi kizuizini, lakini kibali chake kilikosa sahihi, na mwenye kutia sahihi alikuwa amekwenda mkutanoni Sumbawanga. Libérat alitakiwa ofisini kungoja sahihi, akatakiwa pia hospitalini kupasuliwa, na mtu ni mmoja. Walimzika nyuma ya kanisa. Wiki haikuisha akarudi kwenye benchi, kwa kuwa safari yake ilikuwa haijakwisha. Yunus alimwekea maji ya kunywa.

"Kibali kimetoka?" Libérat aliuliza kila asubuhi.

"Bado, shemeji."

Médiatrice alikuwa ameshamaliza kulia. Alichobaki nacho ni hasira, na hakuionea aibu.

Habari zilifika ofisi ya makazi. Ofisi haikuuliza gogo limepandaje. Iliagiza jiwe liongezwe, na kile kibonyezo king'olewe, maana ni cha ziada. Mwalimu Didace akatumwa na bisibisi. Alimkuta Médiatrice uani anapepeta maharage, zumari likiwa mapajani mwake.

"Mama Emelyne, nisaidie nikusaidie," alisema. "Ni kibonyezo kimoja tu. Bendi itabaki."

"Cha ziada kwa nani, Mwalimu?"

"Hata watengenezaji wanasema ni cha hiari. Zumari linaweza kuishi bila hicho."

"Linaweza. Na mimi naishi bila mume. Watu wanaishi bila vitu vingi." Aliendelea kupepeta. "Ukitaka kukitoa, kitoe pamoja na kidole changu."

Didace aliitazama bisibisi yake. Alikuwa mmoja wa wale waliosukuma baiskeli siku ile. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema mwishowe.

"Ndiyo maana nimetafuta cha pili."

Mwalimu akatia bisibisi mfukoni, akaenda kuripoti ofisini kwamba skrubu zimeshika kutu.

Jumamosi iliyofuata Médiatrice hakwenda kanisani. Alikwenda kizuizini, akasimama mbele ya mumewe, akaanza wimbo wa ulezi. Re. Kisha Fa. Gogo likapanda na mawe yake mawili, likasimama wima.

Libérat aliinuka polepole, mkono tumboni. Aliitazama njia, akamtazama mkewe.

"Kibali kimetoka?"

Médiatrice hakuweza kumjibu. Akifungua mdomo gogo lingeshuka. Aliishikilia Fa ileile, akaikaza, akamtolea mumewe macho kama alivyomtolea zamani alipochelewa kwenda shamba. Mpiga zumari haishiwi pumzi haraka. Pumzi humjaa, ikamchachia kifuani. Ilimchachia, machozi yakamtoka, na hakuiachia. Yunus akageuka kutazama upande wa ziwa, ingawa ziwa liko mbali na halionekani.

Libérat akapita chini ya gogo. Alitembea kuelekea Mpanda mpaka alipopotelea kwenye kona yenye miombo, ndipo Médiatrice akashusha zumari na kuhema.

Jumatatu walimrudisha kwa Land Rover. Alikutwa Kashaulili, mjini Mpanda, amekaa kwenye kigoda cha Kasilda muuza dagaa, akingoja tumbo litulie kabla ya kumalizia safari ya hospitali. Askari walimwuliza kibali, akasema bado. Walimshusha kizuizini, wakamsisitizia Yunus kwamba kufa hakumwondolei mtu wajibu wa kuwa na kibali. Ofisi ikaongeza jiwe la tatu.

Jumamosi Médiatrice alimpitisha tena. Safari hiyo alifika mtaa wa pili baada ya soko. Jumatatu wakamrudisha, na ofisi ikatafuta mawe makubwa zaidi.

Jumamosi ya baadaye Médiatrice alipofika na kikombe chake cha bati, Libérat alikuwa ameshasimama. Nyuma yake alikuwepo bibi Specioza, ambaye jicho lake lilikuwa likifunga ukungu, na nyuma ya bibi, kijana aliyemwegemeza nduguye mwenye homa. Hawa walikuwa hai. Hakuna aliyekuwa na kibali.

Yunus aliwatazama wote, akakuna kidevu.

"Leo si shemeji peke yake?"

Médiatrice alikuwa na ulimi wa zumari mdomoni. Alipanga vidole vya Re, na kile kidogo cha kushoto akakiweka tayari.