Uzio wa Upande wa Lokwang

Isnino na jirani yake Lokwang walikuwa wameacha kusemezana tangu mwaka wa 1977, na sababu ilikuwa mbuzi. Lokwang alikuwa nao. Isnino alikuwa na shamba dogo la kunde nyuma ya nyumba yake huko Chechelesi, na mara kwa mara aliamka akakuta kunde zimeliwa hadi shinani. Hakuona haja ya uchunguzi. Alisimama mpakani akasema aliyokuwa nayo kwa Kisomali, kisha akayarudia kwa Kiswahili ili asieleweke vibaya. Lokwang alijibu kwamba mbuzi wake hulala zizini. Kuanzia hapo, wakikutana njiani, kila mmoja alitazama upande wake wa barabara.

Abshir, marehemu mumewe, aliyekuwa mtu wa malori, alikuwa ameacha uani rundo la mabomba ya chuma yaliyong'olewa kwenye kisima kilichokauka. Kwa muda mrefu yalikuwa kitanda cha kuku. Mwaka wa 1979 Isnino aliamua yawe nguzo. Akanunua seng'enge na sementi, akamwita fundi Kaberia kutoka Wabera.

Kaberia alianza upande wa Lokwang. Sururu iliingia udongoni kiasi cha kiganja, ikagonga mwamba, ikaruka. Akasogea pembeni, mwamba. Akasogea tena. Kufikia mchana nguzo kadhaa zilikuwa zimesimama, kama kule kunaweza kuitwa kusimama, zimelundikiwa mawe na sementi juu juu, kila moja ikiinama ilikopenda. Kaberia alinawa mikono akasema anakwenda kutafuta kifaa. Hakuonekana tena Chechelesi mwezi huo.

Lokwang alikuwa ameyatazama yote hayo akiwa kwenye kigoda chake, ng'ambo ya mpaka. Ujana wake wote alikuwa amejenga uzio wa mashamba ya mifugo, kutoka mjini hadi Gotu. Jioni upepo ulivuma kidogo, nguzo moja ikalala chini. Hapo uvumilivu ukamwishia.

"Mama Abdinur, hiyo shimo ilikuwa ya kuzika kuku?"

Isnino alitazama nyuma yake, kuona kama kuna mtu mwingine aliyeulizwa. "Ni ya uzio," alisema. "Ya kuzuia mbuzi zako."

"Hiyo haiwezi kuzuia hata hiyo kuku."

"Sasa nifanye nini, na chini ni mawe?"

Lokwang aliingia nyumbani, akatoka na mtaimbo uliomzidi urefu. "Uzio itakuwa yako," alisema, "lakini ni mimi nitaiangalia kila siku nikikaa hapa. Sitaki kuangalia kitu imelala."

Hivyo ndivyo alivyoanza kujifungia nje. Malipo hakutaka kuyasikia. Alivuta kamba, akaweka alama, na hakuhamisha alama hata moja kwa sababu ya mwamba. Aliinua mtaimbo, akauangusha, akauzungusha kidogo, akauinua tena. Tundu likijaa vumbi, alimimina maji na kuchota tope kwa kifuniko cha kopo kilichopigiliwa kwenye fimbo. Isnino alikoroga sementi. Siku za kwanza walizungumza neno mojamoja: maji, kamba, shika. Baadaye Lokwang aliuliza Abshir alikufa kwa ugonjwa gani, na Isnino akamweleza.

Penye mwamba uliokataa kabisa, Lokwang alisuka waya kama kikapu kikubwa kuzunguka nguzo, wakakijaza mawe hadi kifuani. Zile za pembeni alizitia vyuma vya kuegemea. Sementi ilipokauka alimwita Isnino.

"Sukuma."

Isnino akasukuma.

"Sukuma kama mtu ananichukia."

Hapo akasukuma kwelikweli. Nguzo haikutikisika, na Isnino akajikuta anacheka, jambo ambalo hakulipanga.

Uzio ulipokwisha alilala vizuri. Siku ya tatu aliamka akakuta kunde zimeliwa. Alizunguka seng'enge yote. Haikuwa imelegea popote. Kisha akamwona punda wake wa kubebea maji katikati ya shamba, akitafuna bila haraka, na kamba aliyofungwa jioni imebaki kwenye kigingi. Kumbe siku zote, kabla ya uzio, punda alikula, kisha akateremka mtoni kabla ya mapambazuko. Isnino alikuwa akimkuta huko akisubiri madebe, na alimsifu mbele za watu kwa kupenda kazi.

Isnino alijitanda shuka lake, akatoka langoni, akazunguka barabarani hadi kwa Lokwang.

"Habari ya asubuhi, Baba Akiru."

"Mzuri."

"Kunde imeliwa."

Lokwang alisimama ghafla, macho kwenye seng'enge. "Imepita wapi?"

"Haikupita. Ni punda yangu. Alikuwa ndani."

"Na uzio?"

"Iko sawa."

"Basi." Akaketi.

Isnino aliendelea kusimama. "Ile maneno nilisema juu ya mbuzi zako haikuwa haki. Wala juu yako."

"Mbuzi hazijui Kisomali."

"Na Kiswahili?"

Lokwang alifikiri. "Kidogo," alisema, akamsogezea kigoda.

Wiki iliyofuata Isnino alimwomba ang'oe nguzo moja wapate njia ya mkato. Lokwang alishinda nayo kutwa, akarudi na mikono imechubuka. "Haitoki," alisema, bila masikitiko yoyote. "Niliiweka isitoke."

Kwa hiyo Isnino akawa anazunguka. Kumpitishia mtu chakula juu ya seng'enge, alisema, ni mambo ya jela. Kila akipika kunde alibeba sahani iliyofunikwa, akapita langoni, akafuata barabara, akapita msikiti, akaingia kwa Lokwang. Zilifika zimepoa, na Lokwang hakuacha kulisema hilo.