Jani Katika Mfuko wa Mzee Eliudi

Kindness alikuwa na kazi ambayo kwao Marangu hakuna aliyejua iitweje. Aliandikia tovuti moja ya vijana makala za gemu: ipi nzuri, ipi mbovu, na mtu anayeanza afanyeje asife kila baada ya dakika mbili. Kazi hiyo ilimlipia chumba na sebule pale Moshi mjini, ikamnunulia televisheni pana kuliko mlango, na ikamgombanisha na baba yake.

Ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi, ukoo mzima uko kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, nyama iko motoni. Baba mdogo aliuliza Kindness anafanya kazi gani siku hizi. Mzee Eliudi, aliyewapandisha wageni Kilimanjaro miaka thelathini na mmoja, akajibu watu wote wakisikia, "Huyu anacheza tu. Wanaofanya kazi ni wenzake." Watu wakacheka. Kindness aliondoka kesho yake asubuhi, na Krismasi ya mwaka jana hakupanda. Mchagga kutopanda nyumbani Krismasi si jambo dogo. Mama yake, Magreth, alilia kwenye simu. Kindness alisubiri baba yake alirudishe lile neno lake. Mwaka ukapita, na mwingine ukawa unaisha.

Sasa mzee alikuwa amepasuliwa goti, na daktari akataka akae karibu na hospitali wiki tatu. Karibu palikuwa kwa Kindness. Wakaishi kwa adabu nyingi, shikamoo asubuhi, marahaba, umelalaje. Kindness alipika mtori, mzee akausifu, kisha akageukia dirishani kuutazama mlima mpaka wingu liufunike. Habari za Krismasi hakuna aliyezigusa.

Wiki ya tatu kazi ikamkwama Kindness. Mhariri wake alitaka vidokezo kwa wanaoanza gemu moja mpya, yenye dunia kubwa ya misitu na mapango na mlima wa theluji katikati, ambamo mchezaji huenda atakako na kupambana na atakayemkuta. Kindness alikuwa ameicheza mpaka akasahau kutojua kukoje. Alihitaji mtu asiyejua kitu kabisa, na mmoja alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli.

"Baba, naomba unisaidie kazi," alisema, na neno kazi alilitamka bila haraka.

Mzee aliipokea pedi ya kuchezea gemu kwa mikono miwili. "Nikusaidie kufanya nini?"

"Kukosea."

"Hilo nitaliweza."

Akaliweza kwelikweli. Gemu iliigawa televisheni nusu mbili, mtu wa mzee kushoto, wa Kindness kulia, na siku ya kwanza yule wa kushoto alitumbukia mtoni mara tisa. Mzee alimsalimia kila mkongwe aliyemkuta kijijini, akangoja aitikiwe. Hakufungua sanduku hata moja kwa sababu mwenyewe hayupo. Alipopewa farasi alikataa kumpanda, akidai mnyama amechoka, wakaongozana kwa miguu. Kindness aliandika huku anang'ata mdomo asicheke. Alikuwa hajampenda baba yake namna hii tangu utotoni, na jambo hilo lilimuudhi kidogo.

Siku ya tatu, mpakani mwa shamba moja, mzee alisimama mbele ya mmea wenye majani marefu membamba, akachuma moja.

"Hilo halina kazi, baba," Kindness alisema. "Halipikwi wala haliponyi. Kidokezo changu cha kwanza ni usiokote kila kitu, mfuko una nafasi kumi na mbili tu. Litupe."

"Liache."

"Linakula nafasi."

"Nimesema liache, mama."

Zawadi za njiani zikamjazia mfuko mara mbili. Mara ya kwanza mzee akatupa shoka, ya pili akatupa ngao. Jani likabaki, na Kindness akaandika kwamba wanaoanza ni wabishi.

Walipofika mlimani mambo yakageuka. Kindness alikuwa amewashauri wasomaji wake wakimbie juu kabla baridi haijawamaliza. Akakimbia, akaganda, akaanza upya, akaganda tena. Mzee alipanda hatua kwa hatua, akapumzika kabla pumzi haijakata, jioni ya humo ndani akashuka kulala kambi ya chini, kulipokucha akaendelea. Kindness alipojikongoja mara ya tatu, alimkuta kwenye jiwe, amewasha moto, anamngoja.

"Ungeshafika," Kindness alisema.

"Nifike nikiwa nimemwacha mtu wangu chini? Sijawahi."

Kindness alikifuta kidokezo chake, akaandika cha baba yake, na jina la mzee akaliweka hapo hapo.

Walifika kileleni Alhamisi mchana, kesho yake mzee angerudi Marangu. Alikohoa kidogo, akauliza, "Kitu kikiwa mfukoni, mtu anampaje mwenzake?"

Kindness alimwonyesha kitufe. Mzee akakibonyeza. Yule mtu wa kushoto akainama, akaliweka jani miguuni pa yule wa kulia.

Kindness alifungua kinywa amtanie, kisha akalitazama jani vizuri. Lilikuwa jani la namna ile ile inayopandwa mipakani mwa kihamba na kwenye makaburi ya wazee. Isale. Mchagga aliyekukosea akikuletea jani la isale, amekwisha kuomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kumkatalia, hata kama mlifikia kumwaga damu.

"Kwa mguu huu nisingeweza kwenda kulitafuta," mzee alisema, macho yakiwa kwenye televisheni. "Nikalikuta humu kwako." Akaiweka pedi mapajani. "Nilisema unacheza. Tena mbele za watu. Nilikosea, mwanangu. Wiki hii nimekuona ukifanya kazi."

Kindness alibonyeza aliokote. Gemu ikamwandikia kwamba mfuko wake umejaa. Ndani mlikuwa na upanga alioutafuta wiki sita, ule ambao kwenye vidokezo aliwasihi watu wasiuache kwa hali yoyote. Akautupa kwenye theluji, akaliokota jani.

"Umetupa nini hapo?"

"Kitu tu. Hakina kazi." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Krismasi mnachinja lini?"

"Tarehe ishirini na nne asubuhi."

"Nitapanda ishirini na tatu."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akaishika pedi vizuri. "Basi tushuke," alisema. "Twende polepole. Magoti huumia wakati wa kushuka."